Mita Kumi na Mbili Juu ya Kona

Kwa miaka kumi na tisa alitengeneza baiskeli kwenye kibanda cha mabati mkabala na kituo cha mafuta, na watu walimwita Bi Spoku kwa sababu aliweza kunyoosha rimu iliyopinda kwa kuisikiliza tu. Alizigonga spoku, zile nyaya za gurudumu, moja moja kwa ukucha wa kidole gumba, kichwa kimeinama, akajua ipi imelegea na ipi imekazwa kupita kiasi. Hakuwa msemaji. Mteja akipiga porojo yeye alijibu "enhe" hadi porojo ikafa yenyewe. Majina ya watu yalimpotea upesi, lakini kosa alilotendewa halikumpotea hata siku moja.

Kwa miaka sita kibanda kile alikitumia pamoja na mwanamume mmoja wa rika lake. Bi Spoku alikuwa mikono, mwenzake alikuwa mdomo. Mwenzake aliita wateja, akawachekesha, akawauliza habari za wakwe zao, huku Bi Spoku akifungua gurudumu. Kuziba pancha alifundishwa na Bi Spoku, na hakuwahi kuziba vizuri. Baadaye alihama, akafungua duka lenye vioo mtaa wa pili, akaanza kuuza baiskeli za umeme. Tangu hapo akaitwa Bwana Umeme. Waliachana bila ugomvi, wakabaki wanapungiana mikono kwa mbali.

Bi Spoku alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyepishana naye miaka kumi na minne. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemsuka nywele, akamsainia ripoti za shule, akamfundisha kuendesha baiskeli kwa kumshikia kiti. Mdogo huyu alikua akawa msambazaji wa mikate. Kila asubuhi alipakia kreti mbili kwenye baiskeli pale kiwandani, akazungukia vibanda vya sokoni, kisha akapanda mlima wa hospitali kupeleka mikate ya wagonjwa. Pale mlimani alishuka na kusukuma. Mgongo ulimuuma, lakini alikuwa mtu wa kucheka, akasema mlima ule unamfahamu hadi harufu ya jasho lake.

Siku moja aliingia dukani kwa Bwana Umeme na swali moja tu.

"Kaka, hii itapanda mlima wa hospitali na kreti mbili za mikate?"

"Mdogo wangu," Bwana Umeme alimjibu akipapasa usukani, "hii inapanda ukuta. Wewe kaa tu, hata pedali usikanyage."

Kwenye mota ya gurudumu la nyuma palikuwa na stika ya fedha inayong'aa: wati 750. Hakumuuliza dada yake. Alitaka kumshangaza.

Siku ya nne baiskeli ilimfikisha hadi juu kidogo ya kona, pale mlima unapobadilika ghafla na kuwa mkali. Hapo mota ikalia sauti nyembamba, ikanyamaza. Alijaribu kukanyaga, pedali zilikuwa nzito kama zimefungwa mawe. Baiskeli ikaanza kurudi nyuma. Alishika breki, gurudumu la nyuma likateleza kwenye lami, kreti zikamvuta upande, akatia mguu chini. Mzigo wote ukaangukia mguu ule.

Mfupa wa paja ulivunjika mahali pawili. Madaktari walimtia chuma. Alipotoka wodini, mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa vidole viwili.

Bi Spoku alikwenda dukani kwa Bwana Umeme akiwa bado na mafuta ya cheni mikononi. Hakwenda kupigana. Alitaka asikie neno pole, na alitaka kuuliza kama wengine walionunua wameshaonywa. Dukani mlikuwa na wateja watano.

"Baiskeli yako imemwangusha mdogo wangu."

Bwana Umeme aliwatazama wateja kabla ya kumtazama yeye. Kisha akacheka kidogo, kile kicheko chake cha tangu zamani cha kumfanya kila mtu awe upande wake.

"Dada yangu, baiskeli haina kosa. Mdogo wako ni mzito, na kuendesha hajui. Mpunguzie mikate anayokula njiani."

Wateja wakacheka. Hata mmoja hakujizuia.

Bi Spoku alitoka. Walioketi barazani siku ile wanasema uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, na kwamba hilo ndilo lililowatisha. Alipofika nyumbani alimkuta mdogo wake ameuweka mguu juu ya mto, akamwambia sentensi moja: "Huyu tutakula naye sahani moja."

"Dada, achana naye."

"Wewe pona. Mengine niachie mimi."

Ile baiskeli iliyoanguka ilikuwa imeletwa kibandani, usukani umepinda, taa imevunjika. Bi Spoku aliiweka juu ya stendi, akaanza kwa ile stika. Alichemsha maji, akalowesha kitambaa, akakibandika juu yake kwa dakika chache, kisha akaibandua polepole kwa ncha ya kisu. Chini yake, kwenye chuma chenyewe, palikuwa pamechongwa namba nyingine: 250.

Aliipitisha ukucha juu yake. Mtu aliyeshiriki naye kibanda miaka sita alijua anachouza.

Lakini Bi Spoku hakukimbilia kupiga kelele. Alijua Bwana Umeme angesema stika zilitoka hivyo kiwandani, kwamba namba ni namba tu, na wati mia mbili na hamsini zinatosha sana, na watu wangecheka tena. Alitaka kitu ambacho mdomo hauwezi kukizunguka.

Aliazima kwa muuza viazi mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano. Akaifunga nyuma ya baiskeli, upande mwingine akaufunga kwenye nguzo ya kibanda, akakalia kiti, akafungulia umeme hadi mwisho. Baiskeli ikavuta, mizani ikanyooka. Alikuwa amegeuza shingo kusoma mshale wakati Mwalimu wa Fizikia, mwanamke mmoja kijana mwenye ulimi mkali anayefundisha sekondari ya jirani, alipokuja kuchukua baiskeli yake.

"Bi Spoku, unapima baiskeli au unaichinja?"

"Inavuta kilo kumi na moja. Nataka kujua zinatosha nini."

Mwalimu aliuweka mkoba chini. Wote wawili wakainama juu ya kipande cha boksi, na hilo likawa darasa lao kwa wiki mbili, kila jioni masomo yakiisha.

Hesabu yenyewe, Mwalimu alisema, si ya kutisha. Chukua uzito wote: mwendeshaji kilo sitini na mbili, baiskeli ishirini na nane, mikate arobaini. Jumla mia na thelathini. Sasa uliza mlima unainuka kiasi gani. Bi Spoku aliazima kwa mafundi ujenzi ule mpira wao mwembamba wa kupimia usawa, akaujaza maji, akapanda mlimani asubuhi na mapema na utepe wa kupimia. Chini ya kona, kwa kila mita kumi za barabara, mlima uliinuka sentimita sitini. Juu ya kona, kwa mita kumi zilezile, uliinuka mita moja na sentimita ishirini.

"Basi juu ya kona mlima unairudisha nyuma sehemu kumi na mbili katika kila mia ya uzito," Mwalimu alisema. "Katika kilo mia na thelathini?"

"Kumi na tano na nusu, na kidogo."

"Ongeza tairi zinavyoshikwa na barabara, kilo moja na ushee."

"Karibu kumi na saba." Bi Spoku aliinua macho. "Mlima unadai kumi na saba, mota ina kumi na moja. Hizo sita zitoke wapi?"

"Kwenye miguu ya mdogo wako," Mwalimu alisema taratibu. "Kwa gia ile moja nzito."

Chini ya kona mlima ulidai kilo tisa tu. Ndiyo maana baiskeli ilipanda kwa raha hadi pale, ikamtia msichana moyo, kisha ikamtupa.

Mwalimu hakuamini mizani ya viazi peke yake. Alitaka ushahidi wa pili. Wakaenda kwenye barabara tambarare nyuma ya shule, wakachora mistari miwili iliyoachana mita tano. Bi Spoku akapanda, wakamwongezea mchanga hadi jumla ikawa mia na thelathini, na Mwalimu akashika saa ya simu. Walirudia mara saba. Kutoka kusimama hadi mstari wa pili baiskeli ilitumia sekunde tatu na robo tatu, mara moja zaidi kidogo, mara moja pungufu kidogo.

"Huu ndio mchapuko, kasi inavyoongezeka," Mwalimu alisema akiandika. "Msukumo wa kilo kumi na moja, toa ya tairi, unaleta hizohizo tatu na robo tatu. Mizani haikudanganya. Kama mota ingekuwa na nguvu ya ile stika, ingefika hapa kwa sekunde mbili na kidogo."

Mdogo mtu alikuwa amekaa pembeni kwenye tofali, magongo yamelala mapajani, akitazama. Aliona dada yake akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu ajali, na tabasamu lile halikumpendeza.

Bi Spoku alikosea jambo moja. Aliandika kwamba baiskeli itasimama palepale kwenye kona. Mwalimu akampiga kalamu kidoleni.

"Umesahau kuwa inakuja na mwendo. Ilikuwa inakwenda kiasi gani ikifika kona?"

"Kilomita kumi na mbili kwa saa. Nimeipandisha hadi pale na mzigo uleule, nikaisoma mwenyewe kwenye usukani."

"Basi itapanda kwanza huku ikipungukiwa, hadi mwendo uishe." Alipiga hesabu, akaizungushia duara. "Mita kumi na mbili juu ya kona."

Siku iliyofuata Bi Spoku alimwuliza mdogo wake bila kumweleza sababu: ilizimikia wapi? Mdogo akafikiri, akasema usawa wa nguzo ya simu, kabla yake kidogo au imepita kidogo. Bi Spoku akaenda na utepe. Kutoka kona hadi nguzo ni mita kumi na tatu. Alikaa kwenye ukingo wa mtaro, utepe mkononi, na kwa mara ya kwanza akalia. Hakukuwa na bahati mbaya mahali pale. Mtu yeyote mwenye mizani ya viazi angeweza kujua mapema.

Nafasi ikaja yenyewe. Idara ya afya ilitaka baiskeli sitini za umeme kwa wahudumu wanaopita majumbani kuangalia wagonjwa, na Bwana Umeme alipangiwa kuzionyesha Jumamosi asubuhi. Mahali alipachagua yeye: uwanja wa mpira. Bi Spoku alipolisikia hilo alifunga kibanda mchana kweupe, akaenda kumwona Muuguzi Mkuu, mama mmoja mnene asiyependa kupotezewa muda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema."

"Wahudumu wako wanaishi uwanjani?"

Muuguzi Mkuu alimtazama juu ya miwani. "Hapana."

"Basi mwambie aipandishe huu mlima wako. Kilo mia na thelathini, bila kukanyaga, kama anavyonadi. Nitakuchorea mstari pale itakaposimama."

Jumamosi watu walijaa pande zote mbili za mlima, na mdogo mtu akasimama kwenye kona na magongo yake. Bwana Umeme aliitwa kutoka uwanjani, akaja na shati jeupe na kipaza sauti. Alipoambiwa kwamba onyesho limehamia mlimani, uso ulimshuka kidogo, ukarudi. Asingeweza kukataa mbele ya umati ule, na Bi Spoku alilijua hilo.

"Panda mwenyewe," Bi Spoku alimwambia. "Wewe ni kilo themanini na mbili, wauguzi walikupima kwenye mizani ya hospitali mwezi uliopita ulipokuja kunadi baiskeli zako. Mikate tumekupunguzia hadi kilo ishirini. Jumla ni ileile ya mdogo wangu. Usije ukasema nimekuonea."

"Jamani, huyu mama ana kinyongo tu!" Bwana Umeme aliwaambia watu.

"Ninacho. Tena kikubwa. Panda."

Bi Spoku alitembea hatua kwa hatua kutoka kwenye kona, utepe unamfuata, akainama, akachora mstari mweupe wa chaki kuvuka barabara nzima. Akaandika kando yake kwa herufi kubwa: HAPA. Watu wakaguna. Wengine wakaanza kubishana.

Mwalimu alikuwa amemwonya. Ikisimama itarudi nyuma, alisema, kwa hiyo lazima mtu awe nyuma na kabari ya kuzuia gurudumu. Bi Spoku alikubali. Alichonga kabari ya mbao mwenyewe, akasema atasimama nayo yeye, kwa kuwa hamwamini mtu mwingine. Alisimama nayo kando ya mtaro, mita chache chini ya mstari.

Bwana Umeme aliondoka chini huku akipunga mkono. Hadi kwenye kona alikuja vizuri, akitabasamu, na mashabiki wake wakashangilia. Akaivuka kona. Mita tano. Mwendo ukalegea. Mita nane, sauti ya mota ikawa nyembamba. Bwana Umeme aliacha kutabasamu, akaukumbatia usukani, akajisukuma mbele kwa kiuno kama mtu anayembembeleza punda. Gurudumu la mbele liligusa chaki, likasimama juu yake.

Mtu mmoja akalisoma kwa sauti lile neno: HAPA. Kisha watu wakalipuka kwa kelele.

Baiskeli ikaanza kurudi. Bwana Umeme alishika breki, gurudumu la nyuma likateleza, kama Bi Spoku alivyojua litateleza. Kreti zikayumba. Gurudumu lilikuwa likimjia Bi Spoku miguuni. Alichohitaji ni kuinama tu.

Hakuinama. Alimtazama Bwana Umeme machoni, na Bwana Umeme akaiona ile kabari mkononi mwake, akaelewa. "Dada!" alipiga kelele. Bi Spoku alihesabu moyoni, moja, mbili. Ndipo akaitupa. Gurudumu liligonga mbao likasimama, lakini mtu alikuwa ameshaanguka ubavu, mkono umetangulia. Mlio ulisikika hadi kwa waliosimama kwenye kona. Mikate ikabingirika kwenye mtaro.

Muuguzi Mkuu alifika wa kwanza. Alimfunga kifundo cha mkono kwa kipande cha kreti na kilemba chake mwenyewe, palepale barabarani, na alipomaliza akanyoosha mkono kwa Bi Spoku bila kumtazama. Bi Spoku akampa ile stika, imebandikwa kwenye karatasi, pamoja na picha ya namba iliyokuwa chini yake. Kwa kipaza sauti kile kile cha Bwana Umeme, Muuguzi Mkuu aliwaambia watu kwamba idara haitanunua hata moja, na kwamba kila aliyeuziwa baiskeli ya namna hii asiipandishe mlima akiwa na mzigo. Siku hiyohiyo watu walipanga foleni mbele ya duka la vioo, kila mmoja na kitambaa cha maji ya moto, wakibandua stika zao hadharani. Kabla mwezi haujaisha duka likafungwa.

Bi Spoku alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyetua mzigo. Alitegemea mdogo wake atamkumbatia. Alimkuta ametangulia kurudi, ameketi kitandani, ameugeukia ukuta.

"Kabari ulikuwa nayo, dada. Nilikuona."

"Nilikuwa nayo."

"Basi kwa nini?"

"Nilitaka na yeye asikie."

"Nimesikia mimi," mdogo wake alisema. "Ule mlio. Nimeusikia tena mara ya pili. Hilo hukulipigia hesabu."

Hakumsemesha kwa siku kumi na moja. Walikula meza moja, chumvi ikasogezwa bila neno.

Idara ilimwita Bi Spoku baadaye apime baiskeli nyingine kabla ya kununua, na alizipima kama alivyofundishwa, kwa mizani, kwa saa na kwa mlima, yeye na Mwalimu. Walizikataa aina mbili. Ya tatu ilikuwa na mota katikati, kwenye pedali, ikitumia gia, na juu ya kona ilivuta kilo ishirini bila kulalamika. Moja ya aina hiyo ndiyo mdogo wake anayoendesha sasa. Hushuka na kupanda kwa upande wa kulia, kwa sababu ya mguu.

Nao wawili, mdogo wake na Bwana Umeme, walikutana kwenye chumba cha mazoezi ya viungo pale hospitali, ambapo wote walipangiwa Jumanne. Juma la tatu Bwana Umeme alimwomba msamaha. Alisema alijua kuhusu namba ile. Alilia, mdogo mtu anasema, na yeye akamwambia yameisha.

Bi Spoku alipoambiwa hayo alikasirika kuliko siku ya ajali. Ile pole alikuwa ameihangaikia kwa mizani na utepe na mpira wa maji, na ikatolewa yeye hayupo, kwa mtu ambaye wala hakuidai. Mwalimu alimwuliza siku moja, wakiwa wanakaza cheni, kama siku ile ingerudi angeitupa kabari mapema zaidi.

"Sijui," alisema. Kisha, baada ya kukaza nati mbili: "Labda ningehesabu moja tu."

Jumanne bado anamsindikiza mdogo wake hadi kwenye lango la hospitali. Haingii ndani. Hukaa nje kwenye ukuta mfupi, mikono imefumbatwa, anangoja, na Bwana Umeme akitoka humsalimia kwa adabu, kwa mkono ulio mzima. Bi Spoku humjibu "enhe," akageuza uso kuelekea barabarani.